MARADHI YA PUMU: KUYAZUIA YASIAMKE, NA LA KUFANYA YAKIAMKA



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za miche, za mchwa, za bei na za kuanika. Leo naomba nafasi niandike habari ya kifua. Msimu wa kuchuma ukifika, nyumba zetu nyingi hulala na karafuu chumba kimoja; mchana ni vumbi na usiku ni kuchambua, na katika kila mtaa pana mtu mmoja au wawili ambao vifua vyao hulia filimbi. Mimi nilidhani nayajua maradhi haya, kwa kuwa marehemu baba alikuwa nayo. Nilikuja kutambua kwamba siyajui nilipokwenda Mwanza kutazama jamaa.

Mpwa wangu ameolewa huko na mtu wa Ukerewe, na wanakaa Kirumba, si mbali na mwalo ambapo dagaa wa ziwani hushushwa na kuuzwa kwa magunia. Mtoto wao wa kiume ana miaka tisa, na pumu anayo tangu miaka mitatu. Likizo ya Desemba ilipofika tukaondoka sote kwenda Ukerewe kwa mavyaa wake. Ukerewe ni kisiwa kikubwa katika Ziwa Viktoria, na mtu wa Pemba akishuka bandari ya Nansio hajioni mgeni sana. Maji yako pande zote, na ukitaka kwenda mjini lazima ungoje meli.

Kabla hatujaondoka nilimwona mama wa mtoto akitoa pampu moja ya dawa katika mkoba na kuirudisha kabatini. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Hii ya kahawia, mjomba, ni ya kila siku. Lakini miezi miwili sasa mtoto hajambo kabisa, na watu wananiambia ikizoeleka haiachiki. Nimechukua ya buluu, maana hiyo ndiyo inayomsaidia." Nami nikaona kuwa maneno yake yana akili. Hilo ndilo kosa letu la kwanza. Nalitaja kwa sababu naamini wengi katika visiwa vyetu wanalifanya leo.

Nyumba ya mavyaa iko kijijini, ufukweni, na kazi ya pale ni kubanika sangara kwa kuni. Siku ya pili mtoto akashikwa na mafua. Siku ya tatu likaja wingu la wadudu wa ziwani. Aliyekuwa hajaliona atadhani ni moshi unaotoka majini. Wadudu hao ni wadogo kama mbu, hawaumi, lakini huingia nyumbani kwa maelfu, na asubuhi hufagiliwa kwa ufagio. Mtoto aliyekuwa akivuta pampu ya buluu mara moja kwa siku akawa anaivuta mara nne, kisha mara sita. Akaacha kukimbia na wenzake, akakaa kizingitini. Usiku alikohoa. Sote tuliyaona hayo, na hakuna hata mmoja aliyeyatia maanani.

Usiku wa nne, saa nane, aliamka akaketi kitandani ameinamia mbele, mikono juu ya magoti. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Aliweza kusema neno moja, akapumzika, kisha neno la pili. Mama akaitikisa pampu na kuibonyeza: hewa tupu. Dawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyekuwa akihesabu. Bibi yake akamsugua kifua kwa mafuta, jirani akachemsha tangawizi, mwingine akasema alazwe apumzike. Siwalaumu, kwani walifanya kwa mapenzi. Lakini kwa hayo tulipoteza karibu saa nzima, ndipo kijana mmoja akaja na pikipiki. Mtoto akawekwa kati ya kijana na mama yake, wakaenda Nansio hospitali.

Alipewa hewa ya oksijeni, akavutishwa mvuke wa dawa kwa mashine, akapewa vidonge vya prednisoloni. Mimi nilifika kulipokucha. Alinitazama, akasema, "Babu, nina njaa." Ilikuwa mara ya kwanza tangu usiku ule kumsikia akisema maneno matatu bila kupumzika katikati.

Tuliporudi Mwanza tulikwenda kwa daktari, naye alikaa nasi muda mrefu akitufundisha. Mengi ya ninayoandika hapa ni mafundisho yale, na mengine nimeyasoma baadaye.

PUMU NI KITU GANI

Ndani ya kifua mna mirija ya pumzi, mikubwa na midogo, inayopeleka hewa mapafuni. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba kidogo na ni nyepesi kuudhika, hata siku ambazo hajambo. Hapo ndipo penye fumbo lote. Ni kama kidonda kilichofanya kigaga: hakikuumi, nawe wakisahau, mpaka kitakapoguswa. Kikiguswa na moshi, mafua au vumbi, hutokea mambo matatu kwa pamoja. Misuli inayoizunguka mirija hujikaza, uvimbe huzidi, na makohozi mazito huiziba. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, na ile filimbi tunayoisikia ni sauti ya hewa inayopita mahali pembamba.

Maradhi haya hayaambukizi. Hutembea katika ukoo, ingawa si kila mtoto wa mwenye pumu huyapata. Si jini wala si uvivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa nayo ulimwenguni, na kwamba watu 455,000 walikufa kwayo mwaka huo. Wengi wa waliokufa ni watu wa nchi zenye kipato kidogo kama zetu, ambako dawa hukosekana au hutumiwa kwa namna ile aliyoitumia mpwa wangu.

PAMPU MBILI, KAZI MBILI

Kwa sehemu hii naomba usome polepole, kwani ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Pampu ya buluu kwa kawaida ina dawa iitwayo salbutamoli. Kazi yake ni kulegeza misuli iliyokaza. Hufanya kazi kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Mgonjwa hupumua, hucheka, hurudi kazini. Lakini uvimbe ulio ndani haikuugusa. Ni kama kuyazoa maji yanayovuja ndani ya ngalawa na kuliacha tundu lilivyo.

Pampu ya kahawia mara nyingi ina beklometasoni, dawa ya jamii ya steroidi, au ndugu yake. Hii ndiyo inayoziba tundu. Hupunguza uvimbe kidogo kidogo, kwa siku na kwa majuma, na kwa hiyo mtu akiivuta leo haoni tofauti leo. Ndiyo maana hudharauliwa. Mgonjwa anapokuwa hajambo hudhani amepona na kuiacha, kumbe hali ile njema ni kazi ya dawa aliyoiacha. Haimfungi mtu kama tumbaku. Kipimo chake ni kidogo sana na huenda moja kwa moja kifuani, wala si sawa na kumeza vidonge vya steroidi miezi na miezi. Baada ya kuivuta, sukutua kinywa kwa maji uteme, maana huweza kuleta utando mweupe mdomoni. Anayeruhusiwa kuipunguza ni daktari, naye hupunguza kwa hatua.

Jihadhari na jambo moja. Rangi si sheria, kwani si viwanda vyote vinavyofuata rangi zile zile. Soma jina la dawa. Kama macho hayasomi vizuri, mwambie mtoto wa skuli akusomee.

Wazee wetu hawakuwa na vitu hivi. Pampu ya kwanza ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956 na kiwanda cha Riker, na inasimuliwa kuwa binti wa mkubwa wa kiwanda kile, mwenyewe mgonjwa wa pumu, ndiye aliyemwuliza babake kwa nini dawa yake isitiwe katika kopo la kupuliza kama manukato. Salbutamoli ilikuja mwaka 1969, na beklometasoni ya kuvuta mwaka 1972. Basi kwa miaka mingi desturi ikawa kumpa mgonjwa mwepesi ile ya buluu peke yake. Lakini mwaka 2019 jopo la wataalamu wa dunia wanaoandika mwongozo wa pumu, liitwalo GINA, lilitamka kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa dawa ya buluu pekee. Lazima iwemo dawa ya kupunguza uvimbe. Siku hizi ipo pia pampu moja yenye dawa mbili pamoja, budesonidi na formoteroli, na mgonjwa mmoja huweza kuitumia kila siku na pia anapobanwa. Kama inapatikana kwenu, mwulize daktari.

Wataalamu hao hao wanatupa hesabu ambayo mkulima ataielewa upesi. Kopo la buluu kwa kawaida lina mipulizo 200. Anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari kubwa ya kushikwa vibaya. Anayemaliza kumi na mawili, yaani kopo kila mwezi, hatari yake ni ya kufa. Sisi tunahesabu pishi za mchumaji mpaka ya mwisho. Tuhesabu na hii. Andika juu ya kopo tarehe uliyolifungua, na kama halina namba zake lenyewe, piga mstari katika karatasi kila uvutapo. Kulitia kopo majini kuona kama litaelea si kipimo cha kuaminiwa.

VITU VINAVYOIAMSHA

Mafua ndiyo ya kwanza kwa watu wengi, na hayazuiliki yote. Lakini mtoto mwenye pumu akishikwa na mafua, usingoje: hakikisha dawa ya kila siku anaipata bila kukosa, na ile ya buluu iko karibu na imejaa.

Cha pili ni moshi. Kule ziwani niliona moshi wa kubanikia samaki. Huku tuna jiko la kuni na la mkaa, sigara, dawa za mbu za kuchoma, na (wanawake wataniwia radhi) udi na ubani. Sisemi nyumba zisifukizwe. Nasema mwenye pumu asiwemo chumbani wakati huo, na madirisha yafunguliwe kabla hajarudi.

Wale wadudu wa ziwani nao si kisingizio. Huko Sudani, kando ya Mto Nile, wadudu wa ukoo huo wamejulikana kwa miaka mingi kuwa huleta pumu kwa watu wanaovuta vumbi la miili yao. Huku kwetu hatuna wadudu wale, lakini tuna mende, tuna ukungu wa kuta zenye unyevu wakati wa masika, na tuna vijidudu visivyoonekana kwa jicho vinavyokaa katika magodoro na mito ya sufi. Anika magodoro juani, na fua shuka kila juma.

Sasa nije kwenye karafuu. Wenzetu wakulima wa pamba wa mkoa wa Mwanza, waliounda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1955, wanajua vumbi linavyofanya kazi. Katika viwanda vya pamba vya nchi nyingi yapo maradhi yaitwayo homa ya Jumatatu: mfanyakazi hupumzika mwisho wa juma, na siku ya kwanza kurudi kazini kifua hubana. Hayo si pumu yenyewe, ila ni jirani yake. Vumbi la karafuu kavu nalo huuchoma mwili, na harufu yake kali huudhi kifua kibovu. Aliyewahi kufagia ghala baada ya kutia magunia anajua. Kwa hiyo mwenye pumu asipewe kazi ya kupeta, ya kumimina magunia wala ya kufagia ghala. Apewe kuchuma matawi ya chini au kuandika hesabu. Kuchambua kufanywe barazani penye upepo, na chumba cha kulala kisiwe ghala. Karafuu zilizovundwa na mvua na kuota ukungu zisirudishwe ndani kwa matumaini. Na kifua kikianza kubana, mtu asipande mti kabisa, maana juu ya mkarafuu hakuna mahali pa kukaa kitako na kuvuta pampu.

Na kwa kuwa nimekwisha kuulizwa mara nyingi, nasema wazi: mafuta ya karafuu au ya makonyo si dawa ya pumu, na kuvuta mvuke wake kwaweza kuzidisha. Tunauza karafuu kwa mambo mengi mazuri, lakini si hili. Tangawizi, asali na habbat soda anayetaka anywe, mradi asiziweke mahali pa pampu.

Kuna na vidonge. Wapo wenye pumu ambao aspirini na ibuprofeni huwabana kifua, na baadhi ya dawa za presha, kama propranololi, ni hatari kwao. Ukienda dukani kununua dawa ya kichwa, sema kwanza kwamba una pumu.

ISHARA, NA USIKU WENYEWE

Mara nyingi pumu haiji kama mwizi. Hupiga hodi siku mbili tatu kabla: kukohoa usiku, kuamka alfajiri kifua kizito, kuchoka kwa kupanda kilima kidogo, na dawa ya buluu kuhitajiwa mara nyingi kuliko juzi. Ukiona haya, mpeleke mgonjwa kwa daktari mchana ule ule. Sisi wa visiwani tukumbuke kwamba mchana chombo kipo na barabara inaonekana.

Akishikwa, mketishe wima, ameegemea mbele kidogo. Usimlaze. Legeza nguo, punguza watu chumbani. Mpe dawa ya buluu mipulizo minne, mmoja mmoja, na kila mpulizo avute pumzi nne au tano kwa kutumia chupa nitakayoieleza. Asipopata nafuu kwa dakika chache, mpe minne mingine, na hapo hapo tafuta chombo. Mkiwa njiani endeleeni kumpa kila baada ya dakika ishirini au chini ya hapo kama hali ni mbaya. Dawa hii itamtetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio; hilo lisikutishe ukaacha.

Usingoje hata dakika moja kama hawezi kumaliza sentensi, kama mbavu na shimo la shingo vinaingia ndani, kama ulimi au ndani ya midomo kumekuwa na rangi ya buluu au kijivu, au kama anasinzia. Na jueni hili, maana linawadanganya wengi: filimbi ikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, hajapona. Hewa haipiti tena.

Ile chupa ni hivi. Mtoto hawezi kubonyeza pampu na kuvuta kwa wakati mmoja, na wakubwa wengi pia hawawezi; dawa hugonga ulimi ikaishia hapo. Madukani vipo vyombo vya kukaa kati ya pampu na mdomo, lakini ni ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha matokeo ya kujaribu chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita kwa watoto walioshikwa na pumu, wakaona inafanya kazi sawa na kile cha dukani. Chukua chupa safi iliyokauka. Pasha moto waya mnene, toboa kitakoni tundu la umbo la mdomo wa pampu, lisiwe kubwa, na pambizoni ziba kwa gundi au utepe hewa isipenye. Pampu huingia kitakoni, mtoto hushika mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, naye apumue polepole mara nne au tano. Tikisa tena, bonyeza tena.

Mwisho, si kila kikohozi ni pumu. Aliyekohoa majuma mawili, akitoka jasho usiku na kupungua mwili, apimwe kifua kikuu kwanza. Na mtoto mdogo aliyeshikwa ghafla akiwa anakula au anachezea karafuu au punje yoyote, huenda amepaliwa.

Mpwa wangu amebandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni huko Kirumba. Juu ameandika dawa ya kila siku na saa zake, katikati zile ishara nne, na chini namba ya simu ya mwenye gari. Mavyaa wake ameomba nakala, naye hajui kusoma. Ameibandika penye mwanga, ili yeyote atakayeingia amsomee. Likizo ya Juni mtoto alirudi Ukerewe na pampu zote mbili na chupa yake. Siku hizi jiko la kubanikia samaki limehamishiwa upande wa pili wa nyumba, upepo unakokwenda. Aliniambia kwa simu kwamba alikohoa usiku mmoja tu, na kwamba kopo la buluu lina mipulizo 163.